Gari Lililopumua Moshi Wake

Kanisani kwetu Uyole, anayesimama kutoa ushuhuda huanza na ugonjwa au deni. Mimi nilikuwa na vyote viwili, ila mgonjwa alikuwa gari.

Lilikuwa basi dogo la dizeli, abiria 15, injini ya lita 2.5. Nililinunua kwa mafao ya marehemu mume wangu, nikajazia na mkopo wa SACCOS. Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyeliendesha, Mbeya hadi Tukuyu, na jioni akiniletea hesabu ya 50,000. Miezi minane mambo yalikwenda. Mvua za 2022 zilipoanza, gari likaanza kuukataa mlima.

Anayeijua barabara ile anaelewa. Ukishaiacha Igawilo unapanda tu mpaka Isongole, na baridi yake. Zamani tulipanda gia ya tatu, injini inaimba. Sasa likawa linahema gia ya pili, nyuma linaacha moshi mweusi kiasi kwamba wenye magari madogo wanawasha taa mchana. Likisimama stendi linatetemeka hadi vioo vinagonga.

"Shangazi, halivuti," kijana aliniambia. "Abiria wanashuka Igawilo kutafuta jingine." Siku hiyo alileta 18,000.

Gereji ya kwanza, fundi alichomeka mashine yake, ikatoa namba: P0402. Nikamuuliza maana yake. Akasema ni mambo ya moshi, akaifuta. "Moshi mweusi ni nozeli, mama." Nozeli nne zilizotumika, pamoja na ufundi, zilinigharimu 1,200,000. Niliuza mtamba wangu aliyekuwa kwa dada yangu Tukuyu, mwenye mimba ya miezi mitano. Gari likatoka gereji, na kabla halijaimaliza Igawilo moshi ni uleule.

Fundi yule hakuwa mwongo. Moshi mweusi maana yake mafuta yamezidi hewa, na nozeli mbovu huweza kumwaga mafuta kupita kiasi. Lakini kuzidi kuna njia mbili: mafuta yaongezeke, au hewa ipungue. Upande wa hewa hakuugusa, na namba iliyokuwa ikimwelekeza huko alikuwa ameshaifuta.

Wa pili aliijua namba. Alinionyesha valvu moja ubavuni mwa injini, wao huiita EGR, akaniambia kazi yake ni kurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini. Nilidhani ananitania. Nani anamlisha mtu alichokwisha kukitema? "Ni ugonjwa wa kiwandani," akasema, "sisi huku tunaziba." Akakata kipande cha bati la kopo la mafuta ya kupikia, akakibana kati ya bomba na valvu, akachukua 40,000. Nami nimkiri: wiki ya kwanza gari lilipaa. Nikamwimbia Mungu.

Wiki ya tatu taa ya injini ikawaka, namba ikawa P0401, na gari likajinyima nguvu lenyewe mlimani. Baadaye bati likaungua kwa joto la ekzosi, likatoboka katikati, na moshi mweusi ukarudi.

Hapo ndipo nilipokwama kweli. Marejesho ya SACCOS yalipita miezi miwili, wakaanza kuwakata wadhamini wangu. Walikuwa wanawake wawili wa kwaya. Hawakunisema kwa neno lolote, na hilo ndilo lililonitesa. Nikawa naingia ibadani nimechelewa, nakaa benchi la nyuma, natoka kabla ya sadaka ya pili.

Mmoja wao ndiye aliyenifuata nyumbani. Aliniambia kuna binti wa jirani yake, amesoma umakanika VETA, anafanyia kazi chini ya mparachichi nyuma ya maduka ya Uyole. Nilikwenda bila imani, kwa kuwa sikuwa na uso wa kumkatalia mama yule.

Binti hakushika spana. Alianza na maswali. Moshi unatoka likiwa la baridi au la moto? Mlimani tu au hata stendi? Nani aligusa nini, na lini? Akalitoa bati, akalitazama lile tundu kwa jua, akacheka kidogo. Kisha akachomeka kimashine chake na kuniita. "Mama, njoo uone mwenyewe." Kwenye kioo palikuwa na kipimo cha hewa safi inayoingia, kwa gramu kila sekunde. Gari likinguruma bila kukanyagwa mafuta, lilisoma 7 na nukta. "Injini hii ilitakiwa ivute karibu mara mbili ya hapo, valvu ikiwa imefungwa. Nafasi ya hewa imekaliwa na moshi."

Akachomoa kimpira kinachoifungua valvu kwa nguvu ya kufyonza. Bila kimpira, alisema, springi lazima iifunge. Kipimo hakikusogea. Kwa hiyo kompyuta haikuwa inaamuru vibaya, wala waya haukukatika. Valvu yenyewe ilikuwa imekwama wazi. Ndipo akachukua kipande cha chuma kinene, akaziba njia palepale alipoziba yule wa pili. Mtetemo ukatulia, kipimo kikapanda hadi 13. Nikaruka. Yeye akazima injini na kukitoa tena.

"Unakitoa kwa nini?"

"Hiki ni kipimo, mama, si dawa. Kompyuta inafungua njia kisha inangoja moshi. Usipokuja, inawasha taa na kupunguza nguvu."

Akanieleza kwa nini waliiweka. Moto wa dizeli ukipata hewa safi tupu huwaka kwa joto kali mno, na joto hilo huunganisha naitrojeni na oksijeni kuwa gesi zinazochoma vifua vya watu. Moshi uliokwisha kuungua una oksijeni kidogo, basi unaupooza ule moto. Mlimani, mguu ukikandamiza mafuta, valvu inapaswa kufunga kabisa. Yetu ilikuwa haifungi. Gari lilipanda Isongole limejifunika blanketi usoni.

Aliifungua. Nimepika miaka 30 na sijaona ukoko kama ule. Kipande cha masizi, kigumu, ukubwa wa punje ya harage, kilikuwa kimekaa kwenye mdomo wa valvu. Njia ya hewa kuelekea kwenye injini, yenye upana wa kikombe cha chai, ilibaki tundu la kuingiza kidole gumba. Nikamwomba asafishe valvu tu, nina 60,000. Akakataa. Masizi yaliyobaki ndani yangebanduka na kuikwamisha tena. Alishusha manifoldi yote, yaani ile njia ya hewa, akakwangua siku moja na nusu, akabadili gasketi, akakubali nilipe kidogo kidogo.

Kabla ya kufunga alimgeukia kijana wangu. "Kaka, stendi unazima injini?"

Kijana akanitazama kwanza. Alikuwa akifika Uyole saa kumi na moja alfajiri na kuliacha likinguruma hata saa nzima, abiria wapate joto na muziki. Likinguruma hivyo, valvu hiyo hufunguka sana. Masizi yanakutana na mvuke wa oili ya injini, na vikichanganyika vinakuwa ile lami.

Siku ya majaribio nilikaa mbele. Tuliiacha Igawilo, nikayashika magoti yangu. Gia ya tatu. Kijana hakusema kitu, ila alirekebisha kioo cha pembeni ili nami nione nyuma: barabara ilikuwa nyeupe, na mwenye pikipiki alikuwa akitufuata bila kuziba pua.

Deni lilinichukua miezi kumi na moja mingine, na wale wanawake wawili niliwarejeshea kwa mkono wangu. Nozeli za zamani nilizipeleka kupimwa, zikaonekana nzima zote nne. Ziko kwenye mfuko chini ya kitanda. Mtamba wangu alizaa huko alikouzwa, jike, na dada yangu humwona kila akipita.