Karo ya Chuo na Bangili za Shemeji



Hivi karibuni tulifunga safari kutoka Mombasa hadi Kitale kwa wito wa ndugu yetu, mtoto wa ami yetu, ambaye babake alihamia huko zamani kwa biashara ya duka na akazikwa huko huko. Wito ulikuwa wa shauri. Binti yake wa mwisho amepata C+ katika mtihani wa kidato cha nne, ambayo ndiyo alama ya chini ya kuingilia chuo kikuu, na ameitwa kusomea ualimu katika Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma. Swali lililotungojea sebuleni ni lile linaloulizwa leo katika kila nyumba yenye mtoto aliyemaliza skuli: je, chuo chafaa gharama yake?

Walitazamia tujibu upesi. Sheikh akiulizwa habari za elimu, jawabu huwa liko ncha ya ulimi: neno la kwanza kuteremshwa ni amri ya kusoma, na kutafuta elimu ni faradhi. Sisi tulinyamaza. Mara ya mwisho kuulizwa swali hilo, katika sebule ile ile, tulijibu upesi, na jawabu letu lilimgharimu mtu ambaye hatukumwuliza.

Ilikuwa mwaka 2014. Kijana mkubwa wa nyumba ile alikuwa amepata nafasi ya kusomea biashara katika chuo kimoja cha binafsi, ambacho hatutakitaja. Babake aliwaza kuchukua mkopo wa serikali. Sisi tukasimama na kusema kwamba mkopo ule una riba, na kwamba ni heri Mwislamu auze alicho nacho kuliko kuingia katika riba. Maneno yalikuwa ya haki. Nusu eka ya mahindi ikauzwa kwa shilingi 380,000. Fedha zilipopunguka mwaka wa tatu, zikauzwa na bangili nne za dhahabu za shemeji yetu. Bangili zile zilikuwa mahari yake.

Kijana alihitimu mwaka 2018. Aliomba kazi Kitale, Eldoret na Nairobi, akachoka kupiga chapa barua. Leo anaendesha boda boda, na jioni huweka hesabu za madrasa ya mtaa bila malipo. Hatusemi kwamba elimu yake ilipotea. Siku ya shauri hili ndiye aliyekuja na karatasi na kalamu, na hesabu tunayoinukuu hapa ni yake yeye. Nusu eka ile ilitoa kwao magunia 9 mwaka wa mvua njema. Mavuno kumi tangu iuzwe ni magunia 90. Kwa wastani wa shilingi 3,000 kwa gunia, ni shilingi 270,000, na ardhi yenyewe ingali pale, ikilimwa na mtu mwengine ambaye hivi juzi amekataa laki nane. Aliisoma hesabu hiyo bila uchungu, kama asomaye mambo ya jirani. Babake aliinamisha kichwa. Shemeji alikuwa mlangoni na sinia ya mahamri, akasema kwa sauti ya chini:

"Shemeji, shamba lile nililipalilia mimi miaka kumi na moja. Siku ile hakuna aliyeniuliza."

Hatukuwa na la kusema. Tumesomesha fiqhi zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka twawafundisha wanafunzi kwamba mali ya mke ni yake, na kwamba aya ya 4 ya Surat An-Nisaa haikumhalalishia mume chochote katika mahari ila kile ambacho mke amekitoa kwa kuridhika nafsi yake. Tulijitetea moyoni kwamba alinyamaza, kwa hivyo aliridhika. Lakini ukimya unaohesabiwa kuwa idhini ni wa bikira anapotakiwa ridhaa ya ndoa, naye huwa ameulizwa kwanza. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata pwani, ana kanuni mashuhuri kwamba mtu aliyenyamaza hanasibishiwi kauli. Kanuni hiyo twaijua kwa moyo. Katika sebule ile ilitupita. Riba tuliikimbia, naam, lakini tuliikimbia kwa miguu ya mtu mwengine.

Tuliomba shauri lingoje. Kesho yake tukaondoka kwenda Bungoma pamoja na shemeji, binti mwenyewe na kaka yake, ili tukione chuo na tumzuru binti wa pili wa nyumba ile, ambaye ameolewa huko.

Gari lilipita Kiminini likashuka hadi Webuye. Tulipokiona kiwanda cha karatasi tulimwambia binti kwamba zamani harufu yake ilimpokea msafiri kabla ya mji wenyewe, na kwamba kijana wa huku akiajiriwa humo, wazazi walihesabu kwamba amefika. Kilifungwa mwaka 2009. Waliokuwa na shahada na waliokuwa hawana walitoka kwa lango moja. Baadaye kikauzwa, lakini Webuye ile ya zamani haijarudi. Kaka yake alicheka, akasema afadhali pikipiki haifungwi na serikali.

Sasa habari za huyu binti wa pili. Alipomaliza skuli hapakuwa na ardhi ya kumwuzia, wala bangili. Mwaka 2019 aliingia chuo cha ufundi pale pale Kitale, kusomea ufundi wa umeme. Karo ya vyuo hivyo wakati ule ilikuwa shilingi 56,420 kwa mwaka. Serikali ilitoa 30,000, na mzazi akabakiwa na 26,420. Shemeji alizilipa kwa mahamri na kwa zamu yake katika chama cha akina mama. Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa maradhi ya korona. Binti akarudi nyumbani akakaanga na mamake, kisha akarudi chuoni kumaliza. Watu wa mtaani walisema maneno, kwamba mtoto wa Kiislamu atapandaje ngazi. Nasi, tukiwa mbali Mombasa, tulipolisikia hatukulipenda, ingawa hatukusema.

Leo ana leseni ya mafundi umeme ya daraja la C2, na tulimkuta ametoka kazini. Alitueleza jambo ambalo halikutujia akilini. Katika Bungoma na mitaa yake wako wake wengi ambao waume zao ni madereva wa malori ya Malaba na Uganda. Taa zikikatika, mke yuko peke yake na watoto, ataingiza fundi mwanamume? Wako pia wajane walio katika eda, miezi minne na siku kumi. Hao wote humwita yeye. Huja na mkoba wake na buibui lake, akatengeneza, akanywa chai, akaondoka. Tulikuwa tumekaa tukifikiri juu ya ngazi. Yeye alikuwa akihifadhi sitara za nyumba za watu.

Nasi watu wa Mombasa tulipaswa kulijua hili mapema. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianza kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, ile wazee wetu waliyoiita MIOME, iliyojengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na wengineo, ikapokea wanafunzi mwaka 1951. Waliotoa mali zao walitaka vijana wa Kiislamu wajue mitambo, umeme na ubaharia. Baadaye tuliopata kusoma kidogo tukaanza kuwafunza watoto wetu kwamba mwenye kalamu ni bora kuliko mwenye koleo.

Hata hivyo hatukwenda Bungoma kumvunja moyo binti mdogo. Kibabii ni chuo cha umma, kilipata hati yake ya chuo kikuu kamili mwaka 2015, na kiko karibu na mji, katika barabara ya Chwele. Yeye anataka kufundisha. Tangu ana miaka kumi na minne anawasomesha watoto madrasa. Twajua, na tulimwambia, kwamba walimu wengi waliohitimu hungoja miaka kabla ya kuajiriwa na serikali. Alijibu kwamba mahali pa kungojea anapajua.

Ikabaki karo. Mfumo wa mwaka 2023 huwagawa wanafunzi katika makundi kwa hali ya wazazi: sehemu ya gharama ni ufadhili usiolipwa, sehemu ni mkopo, sehemu ni ya mzazi. Mkopo huo hutolewa na bodi ya HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Una nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayechelewa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Wako masheikh wanaouruhusu kwa hoja ya dharura, nasi hatuwavunjii heshima. Kwa upande wetu, nyongeza yenye sharti juu ya deni ni riba, iwe 4 au 40, na dharura hatuisemi mpaka milango mingine igongwe: basari ya kaunti, basari ya mfuko wa maeneo bunge, na mfuko wa zaka wa misikiti yetu, ambao mara nyingi hununua mazulia mapya ilhali yako ya zamani yasiyochakaa. Hilo la mazulia tuliandike hapa, atakayekasirika akasirike.

Haya tuliyasema barazani kwa binti fundi, Bungoma, baada ya Isha. Kisha tukafanya ambalo hatukulifanya mwaka 2014. Tulimgeukia shemeji, tukamwomba msamaha mbele ya wanawe, tukamwuliza: wewe wasemaje?

Hakujibu habari ya shahada. Alimwuliza binti yake mkubwa: "Mdogo wako atalala wapi?"

"Kwangu, mama. Chumba kipo."

Akakaa kidogo. Kisha akasema kwamba mtoto aende. Kwamba atamtolea 26,000 kwa mwaka kama alivyomtolea dada yake, na hazidishi. Kwamba kaka mtu atatoa siku moja ya pikipiki kila wiki. Kwamba mkopo usitiwe saini. Kwamba robo eka iliyosalia isiguswe na mtu. Na kwamba basari zikikosekana mwaka wa pili, mtoto atarudi Kitale kwenye chuo cha ufundi, wala haitakuwa aibu. Sisi tukaongeza sehemu yetu, ambayo hatutaitaja.

Kijana alikuwa akiandika yote. Shemeji alimtazama anavyoandika, akamwuliza umeandika ni nani aliyesema. Akajibu kwamba ameandika ni makubaliano ya familia.

"Andika jina langu," alisema.