Pembe Mraba Nyuma ya Mota

Likizo ndefu iliyopita nilirudi nyumbani Ngulyati, kule Bariadi, nikitokea mafunzo ya ualimu kwa vitendo. Nilikuwa nimefundisha hesabu, najiona mwalimu kamili. Siku ya tatu mama akaniita mashineni.

Mashine yake ya kusaga ndiyo inayonishika mkono boom likichelewa. Mkanda ulikuwa umelegea, unateleza, na wateja walishaanza kubeba madebe yao kwingine. Kukaza mkanda si kazi: unalegeza nati nne za mota, unaivuta nyuma, unakaza tena. Tatu zililegea. Ya nne ilikuwa upande wa ukutani, ina kutu, imeliwa kona, spana inateleza tu. Kati ya mota na ukuta kiganja kinapita kwa shida. Grenda haiingii.

Nikaazima kwa fundi jirani mashine yake ndogo ya mkononi, nyembamba kama tochi, inayofungwa kidiski cha kukatia chuma. Nikaiingiza kwa mshazari, nikasukuma. Kidiski kikapasuka, kipande kikagonga miwani yangu. Nisingekuwa nimeivaa, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Fundi akaja mwenyewe. "Mwalimu, wewe unalazimisha," akasema.

Kwanza akazima swichi kuu ya mota. Akatufagilisha unga wote na kupangusa kuta kwa kitambaa kibichi, maana cheche zikikutana na vumbi la unga, panaweza kulipuka moto. Kisha akatoa kichwa kifupi kilichopinda, akakifunga mbele ya ile mashine ndogo. Ndani yake mna gia mbili zinazokutana kwa nyuzi 90. Mwili wa mashine ukabaki wima juu, kichwa kikashuka kwenye ule upenyo, diski ikasimama sawasawa ubavuni mwa nati.

Akanipa nishike. "Usisukume. Iache kasi ifanye kazi."

Nikawa nagusa, nainua, napumzisha, kwa sababu kichwa kidogo kama kile kinapata moto haraka. Nati ilipokatika karibu kufika kwenye uzi wa bolti, akaingiza tindo, akagonga mara mbili. Ikafunguka kama karanga.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwanafunzi mmoja. Nilikuwa nimechora pembe mraba ubaoni, nikaweka kale kamraba kadogo kwenye kona, nikatoa maswali kumi. Binti wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, hii inatumika wapi?" Nikamjibu, "Kwenye mtihani." Darasa zima likacheka. Akakaa, na mpaka naondoka pale hakuniuliza tena kitu.

Wakati ule nilidhani nimejibu kiutani. Kumbe sikuwa na jibu, nikamsukuma kwa mshazari.

Jioni mkanda ulishika, mashine ikanguruma, mama akasaga debe la kwanza. Akauliza kile kichwa kimefanyaje kazi. Nikachukua chaki ya kuandikia madeni ya wateja, nikamchorea ukutani pembe mraba. Akaiangalia, akaangalia mota.

"Sasa hiyo ndiyo mnayosomea chuo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi wafundishe hivi."

Ile nati iliyopasuliwa ninayo kwenye begi. Nikienda tena mazoezini, itaingia na mimi darasani siku ya kwanza.