Beki wa Morocco na barua niliyoitia saini



Katika jalada la barua za msikiti wetu mna nakala ya barua yenye sentensi tatu. Niliiandika mimi, nikaipiga mhuri na kuitia saini kwa niaba ya kamati. Yalikuwa majibu kwa akina mama wa madrasa, walioomba mabinti zao 14 waruhusiwe kukitumia kiwanja cha msikiti kila Jumamosi asubuhi, baada ya darasa, kucheza mpira wa miguu. Walieleza kwamba mabinti watavaa hijabu na suruali ndefu, na kwamba walimu wawili wa kike watakuwapo muda wote. Tuliwajibu kuwa ombi halikukubaliwa kwa kuzingatia maadili ya dini. Kiwanja hichohicho wavulana hukitumia kila jioni, tangu mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi pale.

Miongoni mwa mabinti wale yumo mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 13. Jioni ile alifika nyumbani, akaniamkia, akaketi kimya kwa muda. Kisha akasema, "Mjomba, naomba kuuliza. Ni haramu, au ni kamati tu?"

Nimehitimu chuo cha Kiislamu. Nimefundishwa kutofautisha hukumu na ada, na kutomhalalishia wala kumharamishia mtu jambo bila ya elimu. Hata hivyo sikuwa na jibu ambalo ningethubutu kulitamka mbele ya walimu wangu. Nilimwambia, "Kamati imeona hivyo, mwanangu." Akaaga, akaondoka.

Binti huyu hucheza nafasi ya beki, na ukutani kwao amebandika picha moja tu, ya Nouhaila Benzina wa Morocco. Nilikuwa nikiiona picha ile bila ya kuiuliza habari zake. Baada ya swali lile nilianza kuzitafuta.

Benzina alizaliwa mwaka 1998 katika mji wa Kenitra, kaskazini ya Rabat. Ni beki wa kati wa AS FAR, klabu ya jeshi la Morocco, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitawala soka la wanawake nchini humo, na ambayo mwezi Novemba 2022 ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake baada ya kuifunga Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini mabao 4–0 katika fainali. Mwezi Julai mwaka huohuo timu ya taifa ya Morocco ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Rabat, ikafungwa 2–1 na Afrika Kusini. Safari ile iliifanya Morocco kuwa nchi ya kwanza ya Kiarabu kufuzu Kombe la Dunia la Wanawake, lililochezwa Australia na New Zealand mwaka 2023.

Mechi ya kwanza, mjini Melbourne, iliisha kwa kipigo. Ujerumani iliifunga Morocco mabao 6–0, Benzina akiwa hakucheza. Tarehe 30 Julai, mjini Adelaide, alianza dhidi ya Korea Kusini, kichwani amevaa hijabu nyeupe. Hapakuwahi kuwa na mchezaji aliyevaa hijabu katika Kombe la Dunia la wanawake wakubwa kabla ya siku ile. Ibtissam Jraidi alifunga kwa kichwa katika dakika ya sita, na kuanzia hapo kazi yote ikawa ya mabeki, kulilinda bao moja kwa zaidi ya dakika 80. Wakalilinda. Siku nne baadaye, mjini Perth, Morocco iliifunga Colombia 1–0, kisha wachezaji wakasimama uwanjani wakisubiri matokeo ya mechi nyingine. Ujerumani ilipotoka sare na Korea Kusini, Morocco ikaingia hatua ya 16 bora. Timu iliyofungwa sita haikuruhusu hata bao moja katika mechi mbili zilizofuata.

Wapenda mpira wengi wanayajua haya. Lililonishughulisha mimi ni hesabu ya miaka. Mwaka 2007, Benzina akiwa bado mtoto mdogo, msichana wa miaka 11 alitolewa uwanjani huko Quebec, Canada, kwa sababu ya hijabu yake, na bodi inayotunga sheria za mchezo ikaunga mkono uamuzi wa refa. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki mjini Amman kwa sababu ya vazi hilohilo. Hoja iliyotolewa ilikuwa usalama, kwamba kitambaa kinaweza kumdhuru mchezaji shingoni. Ruhusa ya majaribio ilitolewa mwaka 2012, na marufuku ikaondolewa kabisa mwezi Machi 2014. Wakati huo Benzina alikuwa hajatimiza miaka 16. Maana yake ni kwamba alipokuwa mtoto akijifunza mpira, sheria za dunia hazikuwa na nafasi kwa mchezaji wa kimataifa mwenye kujisitiri kama yeye.

Wala jambo hili halijaisha. Mwezi Juni 2023, wiki chache kabla ya mashindano yale, mahakama ya juu ya utawala ya Ufaransa iliamua kwamba shirikisho la soka la nchi hiyo lina haki ya kuzuia hijabu katika mechi zake. Katika hatua ya 16 bora Morocco ilikutana na Ufaransa, ikafungwa 4–0. Vazi aliloruhusiwa Benzina kulivaa katika Kombe la Dunia, binti wa Kiislamu haruhusiwi kulivaa katika ligi za Ufaransa.

Niliposoma habari za mahakama ile nilikasirika, kama ambavyo Muislamu yeyote angekasirika. Kisha nikaikumbuka barua yangu. Wale humwambia binti avue hijabu ndipo acheze. Sisi tulimwambia binti aliyekwisha kuivaa kwamba hata hivyo hatacheza. Hoja zetu ni mbalimbali, lakini binti yule huishia palepale, nje ya uwanja.

Simfanyi Benzina kuwa dalili ya kisheria. Mchezaji si mufti. Masheikh zetu wana maneno mazito juu ya sitara, mchanganyiko na nyakati za swala, na mzee mmoja wa kamati aliniuliza swali la haki, kwamba itakuwaje watu wakianza kujaa kutazama. Swali hilo linastahili jibu, na jibu huenda likawa ukuta, saa maalumu, au watazamaji wanawake peke yao. Lakini sote tumefundishwa kwamba bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.), akamshinda, na baadaye Mtume akamshinda yeye. Ombi la akina mama lilikuwa limekwisha kuweka masharti mengi ambayo sisi tungeyaweka. Hatukuyajadili. Muhtasari wa kikao niliuandika mimi, nami ni shahidi kwamba ajenda ile haikuchukua hata dakika kumi, na hakuna aliyetaja aya wala hadithi.

Wazazi wenzangu, nawaeleza na yaliyofuata. Baadhi ya mabinti wale waliacha mpira. Mmoja wao alijiunga na timu ya mtaani, ambako jezi ni kaptura na hakuna mwalimu wa kike, na sasa madrasa haji. Simlaumu mtoto. Kwetu alikuwa ameomba kucheza akiwa amejisitiri, mita chache kutoka mihrabu. Mpwa wangu yeye bado anasoma, bado ananiamkia kwa adabu, ila haniulizi tena maswali ya dini. Hilo linaniuma kuliko yote.

Kikao kijacho ni Jumapili baada ya swala ya Alasiri. Nimeirudisha ajenda ile, na safari hii nimewaalika akina mama wenyewe waje waieleze, pamoja na sheikh wa kututajia hukumu na mipaka yake. Huenda kamati ikakataa tena. Ikikataa kwa dalili, nitaiandika dalili hiyo katika barua, ili binti akiniuliza nimjibu kwa elimu. Ikikubali, ufunguo wa geti la kiwanja ninao mimi, na Jumamosi nitakuwa pale mapema.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.