Nani Atamuuliza Mwenyekiti?

Wiki ikinibariki, huwa naandikia kampuni za watu ukurasa wa "Kuhusu Sisi". Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo iliisha kabla ya hamu, na mambo ya biashara nimejifunza kwa kusoma ripoti za mwaka, zile za karatasi ya kung'aa ambazo hakuna mtu husoma. Mi husoma. Napenda hasa picha ya bodi: wazee wa suti, mikono imekunjwa, na chini yao maneno "utawala bora" yamewekwa kama dua ya kufungua mkutano.

CMC Motors nayo ilikuwa na wazee wake. Hata kama jina hulijui, kama umekulia Kenya umeyaona magari yake: ndiyo iliyokuwa ikituuzia Land Rover, ikiwemo zile za serikali, pamoja na Ford na Mazda. Hisa zake zilikuwa Soko la Hisa la Nairobi, maana yake mwalimu mstaafu mwenye hisa mia mbili naye alikuwa mwenye kampuni.

Mwaka 2011 wakurugenzi wakakosana, na walipokosana ndipo sisi wengine tukasikia. Upande mmoja ulidai kuna akaunti za siri kisiwani Jersey, zilizolishwa na pesa zilizoongezwa juu ya bei ya magari. Upande wa pili ukajibiwa kwamba kampuni ya mwenyekiti mwenyewe ndiyo inayosafirisha magari ya CMC, tena inatoza kupita kiasi. Septemba hisa zikasimamishwa. Baadhi yao walienda kortini kupinga hatua walizochukuliwa.

Biashara ya magari ni rahisi kufichia kitu. Gari linatoka kiwandani, linapanda meli, linashuka Mombasa, linalipiwa ushuru, linalazwa ghalani, linafika Nairobi. Kila kituo kina bili. Ongeza kidogo kila mahali, nani atajua? Anayepaswa kujua ni bodi. Sasa kama anayeleta bili ndiye anayeongoza kikao, hebu niambie nani atainua mkono.

Na usiniambie mwongozo haukuwepo. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iliutoa 2002, na ulitaka theluthi moja ya bodi iwe wakurugenzi huru. Baada ya sakata ukaja mwingine, 2015, unaosema mkurugenzi akizidisha miaka tisa hahesabiki tena kuwa huru. Ni sawa. Lakini unahesabu miaka, hauhesabu harusi walizokula pamoja.

Wenye hisa walikaa na karatasi wasizoweza kuuza hadi 2014, Al-Futtaim wa Dubai wakainunua kampuni kwa shilingi 13 kila hisa, kama bilioni 7.5 hivi, wakaiondoa sokoni. Januari 2025 ikatangazwa kwamba CMC inafunga biashara Kenya, Uganda na Tanzania.

Haya yote yalikuwa kichwani mwaka jana nilipopata kazi ya yadi moja ya magari ya mitumba. Mzee alitaka mkopo, na benki ilitaka kuona muundo wa kampuni. "Andika tuna bodi huru," akaniambia. Bodi yenyewe: yeye, mke wake, na shemeji yake anayemtolea magari bandarini.

"Mzee, bili za shemeji huangaliwa na nani?"

"Kijana, unataka nimuulize ndugu ya mke wangu bei?"

Elfu kumi na tano zangu zilikuwa bado mfukoni mwake. Nikaandika kwamba wakurugenzi ni watatu, wa familia moja, na kwamba mmoja wao huuzia kampuni huduma za bandarini. Neno "huru" sikuliweka. Akasoma, akanyamaza, akanitumia nusu ya pesa kwa M-Pesa, akasema atanipigia.

Hakupiga. Siku ya tatu, saa tano usiku, ikaingia WhatsApp: "Kijana, hao wengine hutoza pesa ngapi kutoa Vitz moja Mombasa?"