Kazi ya Kwanza na Kazi ya Kando

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema, "Mshika mbili, moja humponyoka." Methali hii twaijua sote. Lakini tazama kijijini kwako, ni nani aliyeshika moja tu? Mwalimu analima. Mkulima anatengeneza baiskeli. Mama anauza vitumbua, ana bustani ya mchicha, na jioni anashona nguo za majirani. Leo nataka kukueleza jinsi lugha ya watu wa mbali, Wajapani, ilivyonifundisha kulitazama jambo hili.

Labda utauliza, karani wa parokia ana haja gani na Kijapani? Nilipokuwa katika chuo cha ualimu tulifundishwa hesabu na kijana wa kujitolea kutoka Japani. Vijana wa namna hiyo wamekuwa wakija Afrika Mashariki tangu miaka ya 1960. Jioni alinifundisha maneno mawili matatu, na alipoondoka akaniachia vitabu vyake. Ulimi wangu haukupata taabu sana, maana Kijapani kina irabu tano kama zetu, na karibu kila silabi huishia kwa irabu. Taabu iko katika sarufi. Mtihani wa Kijapani kwa wageni una madaraja 5 tangu mwaka 2010, kuanzia N5 la chini hadi N1 la juu. Katika vitabu vya daraja hilo la juu ndimo nilimokutana na neno *katawara*.

Ili ulielewe neno hili, yafaa kwanza ulijue dogo lake, *nagara*, ambalo wanafunzi hujifunza mapema. Sisi husema, "Anatembea akiimba." Mjapani husema *utainagara aruku*, yaani kuimba kwanza, kutembea baadaye. Kwao tendo kubwa hungoja mwisho, na lile linalosindikiza hutangulia. Katika viwanja vya shule nyingi za msingi za Japani husimama sanamu ya mtoto mwenye mzigo wa kuni mgongoni, anatembea huku anasoma kitabu. Huyo ni Ninomiya Kinjiro, aliyeishi tangu 1787 hadi 1856, na kwao ni mfano wa bidii. Hiyo ndiyo *nagara*: mambo mawili ya saa ile ile, mwili mmoja, njia moja.

*Katawara* ni neno la namna nyingine. Maana yake ya asili ni "ubavuni" au "kando". Mjapani husema *hataraku katawara, e o kaku*, yaani mtu anafanya kazi yake, na kando ya kazi hiyo anachora picha. Lakini neno hili lina masharti yake. Sharti la kwanza, kazi kuu hutangulia na ya kando hufuata, kinyume cha *nagara*. La pili, halitumiki kwa mambo ya dakika moja. Huwezi kulitumia kwa mtu anayekunywa chai huku anasoma gazeti, wala kwa yule mtoto wa kuni. Ni kwa shughuli za miezi na miaka. La tatu, kazi ya kando haiizuii ile kuu.

Wajapani hulitumia zaidi katika maandishi, hasa wanapoeleza maisha ya mtu. Chukua mfano wa Mori Ogai, aliyezaliwa mwaka 1862. Alikuwa daktari wa jeshi. Mwaka 1884 alipelekwa Ujerumani kusoma, akarudi 1888, na mwaka 1907 alifikia cheo cha juu kabisa cha udaktari jeshini. Kando ya kazi hiyo aliandika hadithi ambazo Wajapani wanazisoma hata leo, na mwaka 1913 tafsiri yake ya *Faust*, kitabu cha Goethe wa Ujerumani, ilichapishwa. Mtu huyu alishika mbili, na hakuna iliyomponyoka.

Sasa nije nyumbani kwangu. Mwaka jana rafiki mmoja niliyesoma naye chuoni aliniandikia kutoka mjini. Alisema watalii wa Kijapani wanatafuta mtu wa kuwaongoza kwa lugha yao, na kwamba mshahara wa huko ni mara mbili ya ule wa karani. "Acha madaftari, njoo," ndivyo alivyoniambia. Mama watoto aliisoma barua hiyo akanyamaza. Kesho yake, tunapukuchua mahindi, akaniuliza, "Baba Anna, hicho Kijapani ni kazi yako au ni kitu cha kando? Niambie nijue, maana nyumba haiwezi kungoja."

Swali lake lilikuwa lile lile la kitabu changu cha sarufi. Usiku nilichukua kalamu nikaandika sentensi mbili za *katawara*. Katika ya kwanza nilitanguliza ukarani na shamba, na Kijapani nikakiweka kando. Katika ya pili nilitanguliza Kijapani, na nyumba ikawa kando, na watoto ningewaona wakati wa sikukuu. Kwa sarufi zote mbili ni sahihi. Neno halikuchagulii, linakudai tu uwe umekwisha kuchagua kabla hujafungua mdomo. Kiswahili chetu kina upole hapa. Twaweza kusema "nafanya hiki na kile", na hakuna atakayetuuliza ni kipi cha kwanza.

Niliisoma ile sentensi ya pili kwa sauti, nikaona siwezi kuitia sahihi. Nikamjibu rafiki yangu kwamba nabaki. Sisemi kwamba ni jambo jepesi. Fedha ile ingetosha karo ya watoto watatu, na ada ya shule ikifika naikumbuka barua yake. Lakini tangu siku hiyo nyumba yangu ina amani, na hata Kijapani kimepata mahali pake. Nakisoma saa moja baada ya chakula cha usiku. Majira ya palizi yakija kitabu hufungwa, wala hakuna anayenung'unika, maana kila mtu ajua kilivyopangwa. Binti yangu mkubwa amekwisha kujua kuhesabu hadi kumi kwa Kijapani.

Basi, ndugu msomaji, sidhani wazee walikosea. Aponyokwaye ni yule aliyeshika mbili na kuzipa zote nafasi ya kwanza: asubuhi duka, mchana shamba, na likiharibika hili analaumu lile. Wewe nawe una kazi zako, labda mbili, labda nne. Keti na mwenzako jioni moja, mziandike kwa mstari mmoja, na muulizane ipi itangulie na zipi zikae ubavuni. Msipopatana siku hiyo, liacheni hadi kesho, lakini msiende kulala pasipo kulitaja.