Kangemi na Nafasi ya Mpera

Msafiri atokaye katikati ya Nairobi kwa barabara ya Waiyaki, akiisha kuipita Westlands, hufika Kangemi, mahali ambapo mji na shamba vingali vikishindana. Kando ya barabara pana soko. Nyuma yake nyumba zimesongamana. Na huko mabondeni, karibu na vijito, vimesalia vipande vya udongo mwekundu vyenye sukumawiki, nduma na migomba. Hapa ndipo Papa Fransisko alipofika tarehe 27 Novemba 2015, akalaumu ugawaji wa ardhi usio wa haki. Hakika ardhi ndiyo shauri kubwa la Kangemi, na mwenye robo eka huulizwa kila mara kwa nini hajengi vyumba vya kupangisha.

Akitaka kujibu kwa matunda, mpera wafaa. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, nao huota hata usipopandwa, kwa maana ndege hutawanya mbegu zake. Kwa hiyo wengi huudharau, wakauacha usongwe uani.

Robo eka ni kama mita za mraba 1,012. Miche ikipandwa mita 6 kwa 6, itaingia 28 hivi; mita 6 kwa 3, itaingia 56; mita 3 kwa 3, itaingia 112. Mwenye haraka atachagua hesabu ya mwisho, wala hatajuta mara moja. Kila mti utazaa kidogo, lakini kwa kuwa ni mingi, shamba zima laweza kutoa mavuno makubwa miaka ya kwanza. Kisha matawi hukutana. Jua halipenyi, matawi ya chini hukauka, matunda huhamia juu yasikofikiwa, na ukungu hupata makao.

Dawa ni kupogoa, kwa sababu mpera huzaa katika machipukizi mapya. Huko India wako waliopanda miti 5,000 katika hektari moja, mita 2 kwa 1. Lakini hukata matawi mara kwa mara kila mwaka, miti ibaki mifupi. Asiye na nafasi ya kazi hiyo asiwaige.

Mwenye robo eka aweza kushika njia ya katikati: apande mita 6 kwa 3, mistari ikikingama mteremko ili mvua isichukue udongo. Apogoe kila mwaka. Na matawi yakikutana hata hivyo, aondoe mti mmoja kila baada ya mmoja, ibaki mita 6 kwa 6. Tena asipande mpakani kabisa, maana kivuli kikivuka ua huzaa ugomvi.

Kung'oa mti unaozaa kwauma. Lakini wazee walisema: tamaa mbele, mauti nyuma.