Maji Baridi ya Bara

Sisi wa Utange tukisema kwamba fulani amekwenda bara, aghalabu twataka kusema amekwenda Nairobi. Bara ni pana, lina milima, maziwa na miji mingi, lakini mji mmoja umelimeza neno zima. Kila mwaka mitihani ikiisha, wanafunzi wangu wawili watatu huja kuniaga, na macho yao huwa yamekwisha fika huko kabla ya miguu. Wewe msomaji huenda ukawa mmoja wao kesho. Basi yafaa uujue mji huo kabla haujakupokea, tena uujue kwa asili yake, si kwa majumba yake marefu tu.

Nairobi haikuanzishwa na mfalme, wala na wachuuzi waliokutana njia panda. Ilianzishwa na reli iliyotaka kupumzika. Kazi ya reli ilianza Mombasa mwaka 1896. Vyuma na mataruma vilishushwa kwetu Kilindini, na vibarua kama 32,000 wakaletwa kutoka Bara Hindi. Karibu 2,500 kati yao walikufa. Mwishoni mwa Mei 1899 reli ilifika maili ya 327, mahali tambarare ambapo Wamaasai walinywesha ng'ombe wao, wakapaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Mbele yake ardhi hupanda kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa. Wahandisi wakaona kwamba hapo panafaa kuweka karakana, kupanga mabehewa na kuvuta pumzi kabla ya kuukabili mlima. Mwaka huo huo makao makuu ya reli yaliihama Mombasa, na mwaka 1905 makao ya serikali yakafuata. Mombasa, mji wenye umri wa karne nyingi, ukaachiwa bandari yake.

Yako mataifa mengine yaliyoondoa makao ya serikali pwani. Brazil iliiacha Rio de Janeiro mwaka 1960 ikaingia Brasília, na Tanzania iliamua mwaka 1973 kuhamia Dodoma. Walakini huko mahali palichaguliwa kwanza, ramani ikachorwa, ndipo wakubwa wakafunga mizigo. Nairobi ilihamiwa kwanza, na swali la kwamba panafaa kukaa watu au hapafai likaulizwa baadaye. Jibu lilikuwa baya. Udongo mweusi wa uwanda ule hushika maji ya mvua, na sehemu za chini zilikuwa kinamasi. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, soko lote likachomwa moto. Waganga walishauri mji uhamishwe, lakini reli ilikuwa imekwisha tandazwa na fedha zimekwisha tumika.

Mji usipohama, watu hugawana ubaya wake, wala hawagawani sawasawa. Wazungu walitwaa miinuko ya magharibi na kaskazini, penye upepo na udongo mwekundu. Mwafrika alihesabiwa kuwa mpita njia, wa kufanya kazi na kurudi kwao. Hata hivyo Waafrika walikuwa wamejenga vijiji vyao, wengi wao wakiwa Waislamu wenye kusema Kiswahili, wakaviita Pangani, Maskini, na kimoja Mombasa. Naam, Mombasa ndani ya Nairobi! Vijiji hivyo vilivunjwa kimoja kimoja. Pangani ilikwisha mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wake wakapelekwa Shauri Moyo, jirani ya Pumwani.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilikwenda Majengo ya Pumwani kwa mwenzangu aliyezaliwa huko. Nilipovuka kizingiti nilishangaa: ujia katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma, kama nyumba ya shangazi yangu Kisauni. Nikamwamkia bibi yake mwenzangu, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Watoka Mombasa ya wapi?"

"Utange, bibi."

Hakuniuliza habari za bahari. Aliniuliza bei ya nazi pale Kongowea, na nilipomtajia akaguna, akasema kwamba Gikomba wanawaibia mchana kweupe.

Tangu hapo siwezi kuiita Nairobi ugenini. Wala siwacheki tena vijana wake kwa Kiswahili chao. Wanafunzi wa pwani hupenda kuwacheka, na ngeli zao kweli zimepinda. Lakini Sheng ilizaliwa katika mitaa ile ya mashariki, ambako watoto wa makabila mengi walitiwa katika ua mmoja, wakahitaji lugha ya kuchezea. Msingi walioushika ni Kiswahili. Wangaliweza kushika mwingine.

Mwaka 1969 Nairobi ilikuwa na watu 509,286. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu 4,397,073, wakati Mombasa ilikuwa na 1,208,333. Yako mengi ya kutazama: jumba la mikutano la KICC lililokamilika mwaka 1973, na mbuga ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1946, ambamo twiga hulisha huku maghorofa yakionekana nyuma yake. Chukua sweta ukienda mwezi wa Julai. Lakini tazama pia maji, maana ndiyo yaliyoupa mji jina. Mengi ya maji ya kunywa hutoka mbali, katika bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Kibera na Mathare watu huyanunua kwa mtungi. Nasi wa Kisauni, tunaoujua mkokoteni wa maji, hatuhitaji kufafanuliwa. Mvua kubwa za mwaka 2024 ziliponyesha, mto uliwafuata wa Mathare ndani ya nyumba zao, ukaondoka na roho za watu. Hawakujenga ukingoni kwa kupenda. Ardhi ya juu ilikuwa na wenyewe tangu zamani.

Treni ya sasa, iliyoanza mwaka 2017, itakuchukua Miritini na kukushusha Syokimau, nje ya mji. Usitosheke. Nenda mpaka stesheni ya zamani, kisha utafute daraja lolote juu ya Mto Nairobi. Utaona maji meusi, yenye taka za viwanda na vyoo, yakienda mashariki. Yatazame vizuri. Yataingia Mto Athi, na Athi ukishapita nyika huitwa Galana, kisha Sabaki. Kando ya Sabaki, huko Baricho, kuna visima vinavyoleta maji Malindi, Kilifi, na mpaka upande wetu wa kaskazini ya Mombasa. Yasiyotekwa huendelea na safari, na majira ya mvua huingia baharini karibu na Malindi, na bahari ikawa rangi ya udongo.